Tulivyotawanya Ng'ombe Hadi Boma Moja

Kwa miaka mingi nilifanya kazi kwenye dirisha la wakala wa bima mjini Eldoret. Meneja aliniweka pale, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu nina uso wa mzee wa kanisa, na mtu akinyimwa fidia na uso wa namna hiyo hapigi kelele sana. Nilikuwa mzee wa kanisa kweli. Namshukuru Mungu kwa uso alionipa, ingawa sina hakika kwamba aliuumba kwa kazi ile.

Baada ya fujo zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007, uso wangu uliishiwa nguvu. Watu walipanga foleni hadi kwenye ngazi, kila mmoja na karatasi yake ya bima, nyingine zimeungua kingo. Nami niliwasomea mstari mmoja wa mwisho, ulioandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: bima hii haihusu hasara inayotokana na ghasia za kisiasa. Mama mmoja muuza viazi kutoka Burnt Forest, ambaye ghala lake lilikuwa limeteketea, alinisikiliza kwa utulivu hadi nikamaliza.

"Mzee, hii karatasi si inasema moto?"

"Inasema moto, mama. Lakini moto wa kawaida."

"Wa kawaida ni upi?"

"Kama wa jiko. Ama wa nyaya za stima."

"Na huo wangu ulikuwa wa nini?"

"Wa siasa."

Akawageukia waliokuwa nyuma yake. "Mmesikia? Wakija tena kutuchomea, waambieni waje na jiko."

Foleni nzima ilicheka, hata mzee mmoja aliyekuwa analia. Nami nilicheka, kisha nikaenda stoo nikakaa juu ya katoni za kalenda. Nyumba yangu mwenyewe ilikuwa imeungua, na kwa mujibu wa karatasi zangu mwenyewe, ulikuwa moto wa siasa.

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya. Alinifuata mle stoo akaniambia ukweli ambao haukuandikwa hata kwa herufi ndogo. "Mzee, hata kama mstari ule usingekuwepo, pesa zisingetosha. Bima inasimama kwa sababu watu hawalii siku moja. Huyu akilia leo, wengine wanamchangia. Kesho ni zamu ya mwingine. Sasa wakilia wote asubuhi moja, nani atamfuta nani machozi?"

"Na zile kampuni kubwa mnazokata bima kwao?"

"Nazo zimekata kwa kubwa zao. Na zile kubwa zao, ukizichunguza, zimekatana zenyewe kwa zenyewe. Ni kama walevi wanaotoka baa wameshikana mabega. Ukiwatazama utasema wamesimama imara."

Waswahili husema kifo cha wengi ni harusi. Kwenye bima, kifo cha wengi ni kufunga ofisi. Kabla mahindi ya mwaka ule hayajakomaa, ofisi yetu ikawa duka la simu, nami nikastaafu bila keki.

Sasa niseme habari za ng'ombe wa mke wangu, kwa maana ndiye mwenye hadithi hii.

Siku nyumba yetu ilipoungua mimi nilikuwa mjini, na barabara zilikuwa zimefungwa kwa mawe. Mke wangu hakuokoa kitanda, wala redio, wala suti yangu ya harusi, jambo ambalo hadi leo nashuku lilikuwa la makusudi. Alimfungua ng'ombe wake, akashika kamba, akatembea naye hadi uwanja wa kanisa katikati ya watu waliokuwa wakikimbia na magodoro. Kwa muda wote tulioishi pale kwenye hema, watoto wa makabila yote walikunywa maziwa ya ng'ombe yule. Tulipojenga tena, yeye ndiye aliyetujengea. Na binti yetu wa mwisho alipoingia chuo cha uuguzi, karo yake yote ilitoka kwenye kiwele kile. Ng'ombe yule akifa, binti anarudi nyumbani. Mambo yalikuwa wazi hivyo, na mke wangu alikuwa akimkumbusha binti kila likizo: "Ukifika, msalimie ng'ombe kabla ya baba yako."

Kanisa letu ni la mchanganyiko. Tuko tuliotoka upande wa ziwa kuu kufuata kazi za viwanda na ofisi, na wako wenyeji wa nyanda hizi, wakulima na walimu. Baada ya fujo tulikaa muda mrefu tukiimba pamoja huku tukitazamana kwa pembe ya jicho. Kilichotupatanisha, mbali na neema ya Mungu, ni maziwa. Karibu kila nyumba ilikuwa na ng'ombe mmoja au wawili, basi tukaanzisha mfuko wetu wenyewe wa bima. Ng'ombe wa mwenzetu akifa, sote tunachanga, anapata mtamba. Hakukuwa na herufi ndogo. Mimi, kwa sababu ya uso wangu na kazi niliyoifanya, nikawa mwenyekiti.

Mfuko ulienda vizuri. Ng'ombe mmoja alikufa kwa kumeza mfuko wa plastiki, mwingine alipigwa na radi, nasi tukalipa kwa furaha. Kisha uchaguzi wa 2013 ukakaribia, na watu wakaanza kuongea kwa sauti ya chini sokoni. Siku moja kwenye kikao nikawaeleza wenzangu yale niliyoambiwa nikiwa nimekaa juu ya katoni za kalenda: ng'ombe wetu wote wako mahali pamoja, na moto ukija utawateketeza kwa pamoja.

"Hapo mfuko utafanya nini?" nikauliza.

Rafiki yangu, mzee mwenzangu wa kanisa na mkulima wa mahindi upande wa Burnt Forest, akafikiri kwa sauti. "Wewe utanidai mtamba, nami nitakudai mtamba. Tutabadilishana ng'ombe ambao hatuna."

Ndipo alipotoa shauri. Babu zake, akasema, hawakuweka ng'ombe wote kwenye boma moja. Mtu alimpelekea rafiki wa mbali ng'ombe amtunzie. Rafiki anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe na ndama zake, na wavamizi au ugonjwa wakiingia upande mmoja, upande wa pili unabaki. Na kanuni kubwa ya mila ile ni kwamba humwambii mtu ng'ombe wako yuko wapi. Siri ni sehemu ya ulinzi.

Tuliipenda sana. Pasta aliomba, akamshukuru Mungu kwa hekima ya wenyeji wetu. Tukakubaliana kwamba kila mtu atampeleka ng'ombe wake mbali, kwa mtu anayemwamini, na hatamwambia mwenzake. Tulitoka kwenye kikao kile tukitembea kwa hatua za majasusi.

Mke wangu alikataa.

"Nimemtoa kwenye moto kwa mikono hii, halafu nimpe mgeni?"

"Si mgeni, Mama. Ni yule mwalimu wa Soy. Tulisimamia harusi yake."

"Tulisimamia. Na keki ilikuwa mbichi katikati."

"Keki na ng'ombe vinahusianaje?"

"Mtu asiyeangalia kitu mpaka katikati, haangalii ng'ombe."

Nilimbembeleza kwa subira. Nilimweleza bima, nikamweleza meneja, nikamweleza walevi walioshikana mabega. Mwishowe alikubali, si kwa sababu alielewa, alisema, bali kwa sababu nilikuwa nimemchosha. Ng'ombe alikuwa na mimba. Mke wangu alimwogesha, akamfunga kamba mpya, akampakia kwenye pikapu ya kukodi, kisha akaingia ndani bila kunitazama.

Wiki moja kabla ya uchaguzi akaniamuru niende Soy nikamwone. Mwalimu alinipokea kwa furaha kubwa mno. Mtu akifurahi kiasi kile kukuona, anza kuhesabu vidole vyako.

"Mzee! Karibu, karibu. Mama, weka chai!"

"Asante, Mwalimu. Nimekuja tu kumsalimia mgeni wako wa miguu minne."

"Chai kwanza, Mzee."

Nikanywa chai. "Sasa twende zizini."

"Mzee, hujaonja mkate."

Nikala mkate. Nikaonyeshwa kabichi, nikaonyeshwa tangi jipya la maji, nikaonyeshwa picha za harusi yake ambayo mimi mwenyewe niliisimamia.

"Mwalimu," nikasema, "ng'ombe yuko wapi?"

"Yuko salama."

"Salama ni wapi?"

Akashusha sauti, ingawa mle ndani tulikuwa sisi na paka. "Mzee, nilifikiri sana. Soy iko barabarani. Kukiwa na shida, itapita hapa. Nami nisingetaka kukuangusha. Kwa hivyo nimempeleka mahali salama zaidi. Kuna mama mmoja kwenye kijiji cha Ziwa, hapo mbele, mkulima mkubwa, ana nyasi nzuri na ua wa nyaya pande zote. Lakini usimwambie mtu."

Niliketi pale nikamkumbuka meneja wangu. Nilikuwa nimempa mwalimu hatari yangu, naye, kwa upendo kabisa, alikuwa ameisukuma mbele.

Nilichukua bodaboda hadi Ziwa. Shamba la yule mama halikuwa na shida kulipata, kwani kila niliyemuuliza alisema, "Ah, kule kwenye ng'ombe wengi." Neno "wengi" lilianza kunisumbua. Nilipofika kwenye lango, niliona padoki moja kubwa imejaa ng'ombe, na kando ya tangi la maji nikaona kitu kinachofanana na kofia ya Pasta. Kofia ikashuka. Nikasubiri. Ikapanda tena.

"Bwana asifiwe, Pasta," nikaita.

"Amina," tangi likajibu.

Akatoka akijipangusa magoti. Alisema alikuwa amekuja kutembelea waumini. Nami nikasema nimekuja kuuliza bei ya mbegu. Tukasimama kwa heshima, kila mmoja akisubiri mwenzake aondoke, hadi rafiki yangu wa Burnt Forest, mwenye mila yenyewe, alipotokea kwenye kona ya zizi akiwa amebeba ndoo na kuimba wimbo wa pambio. Alituona, akanyamaza katikati ya aleluya.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nilimpa mtu mwingine kabisa," akasema. "Mfanyabiashara wa Eldoret. Naye akampa shemeji yake. Naye shemeji..." Akaonyesha padoki kwa ndoo.

Mama mwenye shamba alikuja, mwanamke mnene mwenye gambuti na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Tulimuuliza kwa nini hakutuambia. Alishangaa kweli.

"Kila aliyeleta alisema, mama, hii ni siri. Nami nimezitunza siri zenu zote. Kwani ninyi hamjuani? Si mko kanisa moja?"

Tulitazama ndani. Walikuwemo ng'ombe wa mwenyekiti wa akina mama, wa kiongozi wa kwaya, wa mzee wa usharika. Tulikuwa tumewatoa ng'ombe kwenye maboma mbalimbali ya Eldoret na Burnt Forest, tukawapitisha njia za siri, mkono hadi mkono, hadi tukawakusanya wote nyuma ya ua mmoja. Kabla ya kuwatawanya walikuwa wametawanyika zaidi.

"Mila yenu inaruhusu mtunzaji kumpa mtunzaji mwingine?" nikamuuliza rafiki yangu.

"Haikatazi," akasema kwa huzuni. "Babu zetu hawakufikiria kwamba watu wanaweza kuwa waoga kiasi hiki."

Tukaamua kila mtu amchukue wake kesho yake. Lakini kesho yake ng'ombe wa kiongozi wa kwaya akaanza kudondosha mate marefu na kuchechemea. Daktari wa mifugo, kijana mpole, akaja, akafungua mdomo, akatikisa kichwa. Ugonjwa wa miguu na midomo. Shamba likawekwa karantini: hakuna ng'ombe kutoka, na kila mtu anayeingia au kutoka akanyage kwenye beseni la maji ya magadi, ya kuua viini. Pasta alikuwa amevaa viatu vyake vya ibada. Alikanyaga akiwa amefumba macho kama anayebatizwa mara ya pili.

Nikampigia mke wangu simu. Nilieleza kwa mpangilio mzuri, kama nilivyozoea kueleza dirishani. Aliniacha nimalize.

"Na mimba?" akauliza.

Daktari alikuwa ameniambia kwamba ng'ombe mkubwa huwa anapona, lakini mwenye mimba anaweza kuitoa, na ndama mchanga hana nguvu ya kupambana. Nikamwambia hivyo. Simu ilikatika, na sidhani ilikuwa mtandao.

Alifika Ziwa juu ya lori la nyasi, na blanketi, sufuria, na mfuko wa chumvi. Hakunisalimia. Alienda moja kwa moja kwa ng'ombe wake, ambaye tayari alikuwa ameacha kula, akamshika pua, akaongea naye kwa lugha ya kwao. Mke wa rafiki yangu alikuwa pale tayari akikanda majani ya porini kwa dawa ya vidonda. Wanawake wale wawili hawakuwa wameongea sawasawa tangu wakati wa fujo. Waliamkiana vizuri kanisani, basi. Mke wangu aliyatazama yale majani.

"Hiyo ni nini?"

"Dawa ya mdomo."

"Inafanya kazi?"

"Yako ni nini?"

"Maji ya chumvi."

"Inafanya kazi?"

Hakuna aliyejua. Wakachanganya.

Basi wiki ya uchaguzi kanisa letu lilihamia Ziwa. Siku ya kura tulienda vituoni kwetu alfajiri, tukarudi mchana na wino vidoleni, tukakanyaga magadi, tukaendelea kuosha midomo ya ng'ombe. Ng'ombe mgonjwa hakubali kwa hiari. Mmoja anashika pembe, mmoja mkia, wawili wanasukuma ubavu, mmoja anamimina dawa. Huwezi kuchagua wa kushika naye, unamshikia aliye karibu.

Matokeo yalitangazwa tukiwa tumemshika ng'ombe wa mke wangu. Redio ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo ya ua. Kila mtu alikuwa akisikiliza kwa sikio moja, nami, nakiri, nilikuwa nikitupia macho barabarani kama mwaka ule wa moto. Jina likasomwa. Nusu ya mikono iliyomshika ng'ombe ilifurahi, nusu ikanyong'onyea, lakini hakuna mkono ulioachia, maana angempiga mtu teke.

"Shika," mke wangu akasema.

"Nimeshika, mama," akasema rafiki yangu, ambaye upande wake ulikuwa umeshinda.

"Umelegeza. Umefurahi ukalegeza."

"Sijalegeza!"

"Basi furahi na pembe mkononi."

Nyuma ya mkia nilisikia kicheko. Mke wa rafiki yangu alicheka hadi akamwaga dawa kwenye viatu vya Pasta, vile vile vilivyokuwa vimekwisha kuwa vyeupe kwa magadi. Hatukuzungumza siasa jioni ile. Tulizungumza kama ng'ombe amekula. Alikula majani machache mkononi mwa mke wangu, akatema, akala tena. Nchi ilitulia, kwa rehema za Mungu. Eldoret ililala salama, nyumba zetu zilikaa tupu bila kuguswa, na hatari yote tuliyoikimbia mjini haikuja. Ile tuliyojitengenezea ndiyo iliyokuwa mbele yetu, ikidondosha mate.

Ng'ombe mmoja tu alikufa, mzee kuliko wote, naye tulimlipia kwa mchango wa kawaida. Wa mke wangu alikonda hadi mbavu zikahesabika, lakini mimba ilishika. Alizaa mwishoni mwa karantini, mchana, huku wanawake wale wawili wakimvuta ndama kwa kamba moja. Mtamba. Alisimama, akaanguka, akasimama, akatafuta titi. Mke wangu alikaa chini kwenye matope na gauni lake, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya moto. Aliponyamaza aliniambia, "Mpigie binti. Mwambie asirudi."

Karantini ilipoondolewa, nilidhani atawapakia wote wawili na kamwe hatasikia tena neno bima kutoka kinywani mwangu. Tulikaa nyumbani na ng'ombe hadi ndama alipoachishwa. Ndipo Jumapili moja, wakati wa matangazo, nikamwona anasimama. Hakuwa ameniambia lolote.

"Mimi nataka kusema ng'ombe wangu wako wapi," akasema, nayo kwaya ikageuka nzima. "Ng'ombe yuko kwangu. Mtamba anaenda kwa dada yangu huyu," akamwonyesha mke wa rafiki yangu, "Burnt Forest, na hatoki hapo bila mimi kujua. Nimesema mbele ya watu, ili na mwingine asipeleke wa kwake huko huko. Sasa nataka kusikia wenu."

Pasta akakohoa. "Mama, hayo tunaweza kuongea ofisini."

"Tuongee hapa, Pasta. Wako anaenda wapi?"

Pasta akatazama viatu vyake, vipya.

"Soy," akasema.

"Kwa mwalimu?"

"Kwa mwalimu."

"Mwalimu yuko?" Mwalimu, aliyekuwa amekuja siku hiyo kututembelea, akainua mkono kutoka kiti cha nyuma kama mtoto wa darasa la kwanza. "Utampeleka mahali?"

"Hapana, Mama. Atakaa."

Basi watu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Huyu upande wa kusini, huyu kwa mjomba wake, huyu anabaki na wake hapa hapa kwa sababu wengine wote wanaondoka. Wawili walitaja Ziwa, wakatazamana, na mmoja akaketi kufikiri upya. Mimi nilikuwa na mahubiri ya somo la siku ile, niliyoyaandaa wiki nzima. Sikuyatoa. Ilikuwa saa nane mchana tulipofika kwenye sala ya mwisho, na wanawake wale wawili walikuwa tayari nje, wakibishana kama mtamba asafiri asubuhi au jioni.